Futi Nne za Felicitas

Felicitas ameishi Ijumbi miaka thelathini na minne kama mke wa mtu na miaka sita kama mjane, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akiomba ruhusa mara mbili. Alikuwa muuguzi wa zahanati mpaka alipostaafu. Nusu ya wanaume wanaojiita leo wakubwa wa ukoo aliwachoma sindano yeye wakiwa watoto, wakalia mbele yake, na jambo hilo halikusahaulika upande wowote.

Kiinua mgongo kilipotoka, watu walidhani ataezeka nyumba upya au atanunua ng'ombe. Akanunua kagari ka umeme, mtumba wa Japani, ili aachane na kuning'inia nyuma ya pikipiki kila asubuhi kwenda kwenye duka lake la dawa, Muleba mjini. Kijiji kilicheka wiki nzima. Wiki iliyofuata wakaanza kuomba lifti.

Kosa alilofanya lilikuwa lake, na hakulikana. Alivuta waya mrefu kutoka kwenye soketi ya sebuleni, ile ya redio na pasi, akaupitisha dirishani mpaka kwenye banda la gari. Haikupita muda, soketi ikayeyuka, ukuta ukawa mweusi, nyumba ikanuka plastiki siku mbili. Ndipo akampigia simu Najibu, fundi umeme wa Buhembe, kule Bukoba.

Najibu ni mtu wa maneno machache, na kazi yake inaonekana. Alivuta waya mpya mnene kutoka kwenye mita, akaufungia breka yake peke yake, akaweka soketi kubwa yenye kifuniko kwenye ukuta wa banda. Ikabaki ethi, yaani nondo ya shaba inayozamishwa ardhini ili umeme ukikosea njia uende kwenye udongo, usiende kwa mtu aliyeshika gari kwa mikono yenye maji. Mbele ya banda ni mwamba mtupu. Alijaribu mahali patatu, na mara zote nondo iligonga jiwe kabla ya kuzama futi moja. Udongo mzuri, mweusi na wenye unyevu, ulikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kibanja, lile shamba la nyumbani, chini ya migomba iliyotandikiwa nyasi tangu enzi za babu yake mume.

"Waitu mama, ni kule tu," Najibu alisema kwa heshima ya Kihaya. "Bila ethi mimi siwashi. Uniite mwoga, lakini siwashi."

Habari za Ijumbi hazihitaji bando. Fundi hajamaliza kubeba vifaa vyake kwenda nyuma ya nyumba, Kyaruzi alikuwa ameshafika. Ni mdogo wake marehemu Damian, mume wa Felicitas, na ndiye msemaji wa ukoo tangu kaka yake afe. Alisimama katikati ya njia ya migombani akitafuna punje za kahawa. Akasema kibanja ni cha ukoo, kuna wazee wamelala humo, na haiwezekani mtu aliyekuja kwa kuolewa tu apigilie chuma humo. Aliyasema hayo kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomuudhi Felicitas. Mbona kuna soketi ya jikoni, aliendelea. Na kama shida yake ni umeme, si ahamie kwa binti yake Restituta huko Bukoba, kwenye nyumba zenye kila kitu.

Felicitas akajua kwamba anafukuzwa. Damian hakuacha mtoto wa kiume, na tangu msiba Kyaruzi amekuwa akisema "kibanja chetu" kwa namna inayomwacha yeye nje. Akikubali leo kwamba hana mamlaka ya kupigilia nondo, kesho ataambiwa hana mamlaka ya kukata mkungu. Na nani alipalilia humo miaka arobaini? Nani alibeba nyasi kichwani akiwa na mimba? Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto.

Najibu aliangalia viatu vyake, akasema anaweza kurudi siku nyingine. Felicitas akamjibu kwamba hakuna siku nyingine. Akachukua nyundo mkononi mwa fundi, akachukua na nondo, akampita Kyaruzi bila kumgusa, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kaburi la Damian. Kando yake, upande wa kulia, kuna sehemu ndogo isiyopandwa kitu.

"Shemeji, siku tunamzika kaka yako ulisimama hapa mbele ya watu wote. Ulisema nini?"

Kyaruzi alikumbuka, kama Ijumbi nzima inavyokumbuka. Alinyoosha mkono siku ile, akatangaza kwamba pale ni pa mjane, atazikwa ubavuni mwa mumewe, kwa kuwa ndivyo ukoo unavyomheshimu mke.

"Ulisema hapa ni pangu," Felicitas alisema. "Kaburi ni futi sita. Leo nahitaji nne."

Akasimamisha nondo, akapiga. Pigo la kwanza liliteleza, likampata kidole gumba. La pili likashika. Najibu alikuja, akaishika nondo isiyumbe, na mkono wa mama ulipochoka akapokea nyundo. Nondo ilizama yote, ikabaki ncha tu. Akaunga waya, akaufukia mpaka bandani, akapima, akasema udongo kama huo hajaupata hata Bukoba. Kisha akawasha, na taa ndogo ya gari ikawa ya kijani.

Kyaruzi alikuwa bado amesimama palepale. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kushikilia, itakuwaje siku Felicitas akifa na hapo pake pana chuma.

"Siku hiyo mtakichomoa," alisema Felicitas, akifunga kidole chake kwa kipande cha kanga. "Leo bado napatumia mwenyewe."