Jina Alilolificha Helena
Miaka ile ya sabini, mtu akitaka kucheka Rujewa alikwenda kisimani kumsikiliza Helena. Mdomo ule! Aliwasema madiwani, makatekista, hata majogoo waliochelewa kuwika, na hakuna aliyenuna. Siku hizi watu wanakinga maji bombani kimyakimya kama wako msibani.

Alikuwa Msukuma, alihamia Usangu na mumewe Nkuba, ng'ombe arobaini na mtoto mmoja, Masunga. Nkuba aliuawa kwa fimbo mtoni, katika ugomvi wa mahali pa kunyweshea. Muuaji alitoroka. Helena peke yake alimwona, naye alimfahamu vizuri, lakini alipoulizwa, shemeji zake walikuwa wamesimama pembeni na mikuki. Akasema alikuwa ameinama akichota maji. Masunga alikuwa na miaka minane. Tangu aote ndevu, kila masika alimwuliza mama yake jina la mtu yule, na kila masika alijibiwa kwamba hajulikani.

Mwaka 1974 wanafunzi wa sekondari walikuja na lori kutoka Iringa kuonyesha tanzia ya kale kwenye uwanja wa shule. Jemadari anamuua mtemi wake. Mwana wa mtemi anakua, analipiza kisasi. Mwishowe maiti saba chini, mbili zikijikuna kwa sababu ya siafu. Ilikuwa raha, jamani! Kisha mwalimu wao, Evarista, akawauliza watazamaji kama kijana yule alikuwa na haki.

Masunga alisimama wa kwanza. "Alikuwa na haki. Baba ni baba." Akamkazia macho mama yake mbele za watu.

Helena naye akasimama, akakaza kanga. "Ana haki. Hata mimi nimefurahi jemadari alivyokufa." Akamgeukia Evarista. "Ila, mwalimu, nyumba nzima mmeimaliza. Kesho asubuhi ng'ombe wa mtemi watakamuliwa na nani?"

Watu waliangua kicheko, Evarista mwenyewe akajifuta machozi. Masunga hakucheka. Njiani alimshika mama yake mkono.

"Mayu, umesema ana haki. Basi nitajie."

Helena alichoka kudanganya. "Namjua. Lakini nimesema ana haki, baba. Sikusema nina mtoto mwingine."

Kijana alisusa, akala kwa jirani siku tatu. Ya nne akarudi, akachunga kama kawaida, na asiulize tena. Baadaye akaoa, akapata mapacha, na Helena akapata watu wapya wa kuwatania.

Mwaka 1979, mchana mmoja, mzee mgeni alifika na baiskeli akitafuta mtamba wa kununua. Akajitambulisha kwa jina la Bujiku. Hakumkumbuka Helena. Helena alikuwa amemtambua kabla hajashuka kwenye baiskeli, na chuki ilimpanda mbichi kama siku ile ya mtoni. Alitamani afe palepale. Masunga, hana habari, akamtolea mgeni kigoda, akamwomba mama yake alete maziwa.

Aliyaleta. Mapacha walikuwa wakicheza miguuni pa mzee yule. Helena aliinama kumpa, nusu ya maziwa ikamwagika kwenye magoti ya Bujiku.

"Tusamehe, mzee," Masunga akasema, akicheka kwa upole. "Mayu, umezeeka sasa, unammwagia mgeni."

"Nimezeeka, baba," Helena akajibu, akaingia ndani kumletea mengine.