Tumbo Langu na Baiskeli ya Wakesho

Nakumbuka Ijumaa moja asubuhi, siku yetu ya mapumziko hapa hapa Doha, mtaa wa Al Wukair, nimeshika kiti cha baiskeli ya binti yangu Wakesho, nakimbia nyuma yake. Nasema nakimbia, mwanangu, lakini ukweli wa Mungu nilikuwa navuta miguu. Wakesho alikuwa na miaka sita. Baiskeli tuliinunua kwa majirani Wafilipino waliokuwa wakirudi kwao, na wiki nzima mtoto alikuwa ameniganda: Baba, Ijumaa, Baba, usisahau Ijumaa. Ijumaa ikafika. Tukatoka kwenda kwenye kiwanja cha mchanga mgumu nyuma ya vila tulimokuwa tumepanga vyumba viwili, nikamwambia akanyage, asiogope, baba yupo.

Baba alikuwepo kwa hatua kumi na tano. Ya kumi na sita pumzi ikakata, mkono ukaachia wenyewe, mtoto akayumba mbele kidogo kisha akaanguka ubavu. Goti likachubuka. Mimi badala ya kumkimbilia nilikuwa nimejishika magoti, nahema, natafuta hewa. Yeye ndiye aliyeinuka, akajipangusa, akaja akanishika mkono. Hakulia. Akanitazama usoni akasema, "Basi, Baba. Nitangoja mpaka upone."

Nitangoja mpaka upone! Sikuwa mgonjwa, mwanangu. Nilikuwa mnene. Neno lile liliniuma kuliko kama angenicheka, kwa sababu mtoto alilisema kwa huruma.

Najua mnaniita mzee nami bado sijafika sitini. Huku ugenini wengi wenu hamjafika thelathini, kwa hiyo mtu akiota mvi mbili tatu hupewa kiti cha mbele na kuombwa aseme neno. Sikatai. Nikae kwenye kiti nilichopewa niwaambie lililonikuta nikiwa na miaka thelathini na sita, maana naona baadhi yenu vifungo vya shati vimeanza kulalamika.

Kazi yangu ilikuwa udereva wa kampuni. Asubuhi nawachukua wahandisi, nawapeleka The Pearl, kule kwenye majengo ya kifahari, kisha nawangoja mpaka watoke. Watu hudhani dereva huchoshwa na usukani. Dereva huchoshwa na kukaa. Mke wangu, mama Wakesho, alikuwa muuguzi, na zamu zake nyingi zilikuwa za jioni, hivyo nikirudi nyumbani mimi ndiye mama: kuogesha, kupika, kumlisha Wakesho na mdogo wake Mwakio aliyekuwa na miaka miwili. Mishahara yetu ililipa kodi na shule, na kingine kikaenda Taita kwa wazee. Hakikubaki cha kuchezea.

Chini ya jengo walimofanya kazi wahandisi wangu kulikuwa na ukumbi wa mazoezi wenye kuta za vioo. Nilizoea kuwatazama watu mle wakikimbia bila kufika popote. Baada ya lile la baiskeli nikajikaza nikaingia kuuliza ada. Nikatajiwa. Nikashukuru, nikatoka taratibu kama mtu aliyeingia duka lisilo lake.

Basi nikajitungia dawa yangu mwenyewe. Nikamwambia mama Wakesho, kwa sauti ya mwanamume aliyekata shauri, kwamba kuanzia kesho sili mchana.

"Na zile chai?" akaniuliza.

"Chai si chakula, mama Wakesho. Tangu lini?"

Akanyamaza. Wake zetu wakinyamaza hivyo, mwanangu, huwa hawajakubali.

Lakini nami nilisema nilichofunzwa. Kwetu mgeni akipewa chai tupu huenda akasema alikotoka hakula kitu. Chai ni salamu tu. Nikasahau kwamba chai ya kwetu na karak ya Doha si ndugu. Karak imepikwa ikaiva, ina maziwa ya kopo, iliki, na sukari isiyo na aibu. Tena huna hata haja ya kushuka garini. Unasimama mbele ya kibanda, unapiga honi, inaletwa dirishani. Nilikunywa moja alfajiri, ya pili nikishawashusha wahandisi, mbili mchana kuziba pengo la chakula nilichokiacha, na alasiri nyingine moja au mbili za kuondoa usingizi. Jioni wanangu wakibakisha wali nilikula mabaki yao nimesimama karibu na sinki. Nyanya yangu aliamini kwamba anayetupa chakula anaiita njaa, basi nikawa jalala la nyumba. Hayo nayo sikuyahesabu, kwa sababu sikuwa nimekaa mezani.

Miezi miwili nilishinda hivyo, njaa inanikwangua, hasira karibu. Mwisho wake mkanda wa suruali ukahitaji tundu jipya, na si upande nilioutaka.

Na baiskeli je? Ilikuwa imeegemea ukuta. Kila Ijumaa Wakesho aliifuta vumbi kwa kitambaa, akairudisha pale pale. Jirani mmoja alijitolea kumfundisha, kijana mwembamba mwenye mbio zake. Nikamsikia binti yangu akimjibu kwa adabu, "Asante anko, lakini atanifundisha baba yangu akipona." Heri angelalamika. Nilirudi ndani nikajifanya natafuta funguo.

Sasa pale kwenye maegesho ya chini ya jengo kulikuwa na mlinzi aitwaye Mzee Athmani, mtu wa Mombasa, mkavu, mvi tupu, mikono nyuma, hatulii mahali pamoja. Wakati sisi madereva tumelaza viti tunasinzia kwenye kiyoyozi, yeye alikuwa akishuka na kupanda ghorofa zile tatu za magari. Mchana mmoja akagonga kioo changu.

"Wewe baba, chakula wala saa ngapi?"

"Mzee, mimi mchana sili siku hizi. Niko kwa daieti."

"Na hicho kikombe?"

"Aah, hii ni chai tu."

Hakucheka. Akasema, "Haya. Nifanyie jambo moja. Wiki ijayo usitupe kikombe hata kimoja. Viweke kwenye buti, na Alhamisi uniletee."

Nilidhani ana miche anataka kuotesha. Alhamisi ikafika nikafungua buti nikamkabidhi mfuko. Mzee akaenda kwenye kiukuta kifupi kando ya njia ya magari, akaanza kuvipanga kimoja kimoja, kwa uangalifu, kama anayewaandalia watu wa harusi. Nikaona safu inarefuka. Kiukuta kikaisha, akaanza safu ya pili. Vikombe ishirini na nane, mwanangu, kwa siku tano za kazi!

Akasimama akavitazama, kisha akanigeukia. "Wageni wote hawa, uliwakaribisha wewe?"

Nikageuka kuangalia kama madereva wenzangu wanaona.

"Nimekwenda kumuuliza yule apikaye," akaendelea. "Kila kikombe vijiko vitatu, mbali na ile sukari ya maziwa yenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, nawe kibaba chako wakiona hapo tumboni. Chakula cha Mungu umekifukuza mlangoni, na mwizi umemtandikia kitanda."

Nitasema kweli: nilikasirika. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini hakuna apendaye kuvuliwa nguo ile hadharani. Nikamwambia, "Mzee, kwako wewe ni rahisi kuongea. Mimi sina pesa za gym. Nikitoka hapa nakimbilia watoto, mama yao yuko kazini. Hizo saa za mazoezi nitazitoa wapi?"

"Hivi sasa wafanya nini?"

"Nangoja wahandisi."

"Kwa saa ngapi?"

"Nne. Siku nyingine tano."

"Walipwa kungoja," akasema Mzee Athmani. "Lakini nani alokwambia ungoje kwa makalio? Ngoja kwa miguu."

Akageuka akaanza kutembea. Hakuniita. Nikafunga gari nikamfuata, kwa ukaidi zaidi kuliko kwa hekima. Ghorofa ya pili nikakaa chini kwenye saruji. Yeye akaendelea bila kutazama nyuma, akazunguka, akanikuta palepale nimelowa jasho. Ndipo nikamweleza kisa cha baiskeli, na maneno ya mtoto. Uso wake ukalegea. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi huna muda mwingi. Huu ni mwezi wa Januari. Likianza joto, huyo mtoto hatatoka nje mpaka mwezi wa kumi, na baiskeli itakuwa imeshamwia ndogo."

Hapo ndipo nilipoelewa nashindana na nini. Tumbo lingeweza kungoja mwaka mwingine. Wakesho hangekuwa na miaka sita mwaka mwingine.

Nikarudi kula mchana. Wanaosikia hushangaa: nilipungua nilipoanza kula! Jioni nikiwapikia watoto napika pia cha kesho: maharagwe, kabichi, ugali wa kiasi, na jarjir, yale majani makali ya kuliwa mabichi, ambayo hapa fungu lake ni bei ya bure. Tumbo likishashiba maharagwe halina sababu ya kupiga honi kibandani. Karak nikaiachia nafasi moja, ya asubuhi, na hiyo naishukia kwa miguu. Watoto nikaanza kuwapakulia kidogo, anayetaka aongezewe, na sufuria likabaki na chakula safi cha kuweka kwenye friji badala ya mabaki ya kuingia mdomoni mwangu. Wala si mambo makubwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ingawa kwa tumbo lile hata kuinama kwenyewe kulikuwa kazi.

Mama Wakesho aliposikia habari za vikombe alicheka mpaka akakaa. "Mimi muuguzi niliuliza habari za chai, ikawa kelele. Mlinzi akiuliza, ni hekima." Mwanangu, ukiwa na mtu wa kukuonya nyumbani, msikilize kabla hujaenda kuonywa kwenye maegesho.

Usidhani nilinyooka kama uzi. Wiki ya tatu kichwa kiliniuma kwa uchu wa sukari, nikaenda kibanda cha mbali, Abu Hamour, nisikojulikana, nikanywa mbili kwa mkupuo kama mwizi. Nani angejua? Lakini vile vikombe vilinitazama njia nzima. Nikampelekea Mzee Athmani mwenyewe. Akavipokea, akavipanga juu ya kiukuta, akaviambia, "Karibuni wageni." Kisha akaweka mikono nyuma, tukatembea. Hilo lilikuwa karipio lote.

Mizani sikuwa nayo. Nilijipima kwa pumzi. Kwanza nilipumzika kila ghorofa. Halafu nikaweza kushuka na kupanda zote tatu bila kukaa. Halafu nikaweza kupanda huku nabishana na Mzee habari za mpira. Mwezi wa tatu mkanda ukarudi tundu la zamani, likafuata la kabla ya hilo, na viatu vyangu nikawa navifunga kamba bila kutafuta kiti.

Ijumaa moja ya mwezi wa nne, jua likiwa bado pole, nikavaa raba, nikaitoa baiskeli ukutani bila kusema neno. Wakesho alikuwa mlangoni na kitambaa chake cha vumbi.

"Umepona?" akauliza.

"Panda, tuone."

Nikapandisha kiti kidogo, maana miguu ilikuwa imerefuka, nikakishika, tukaanza. Nilihesabu hatua. Kumi na tano. Kumi na sita. Hewa ikaingia, ikatoka, ikaingia. Tukafika mwisho wa kiwanja, tukageuza, tukarudi, tukageuza tena. Mara ya tatu nikahisi baiskeli imesimama yenyewe, hainiegemei tena. Nikafungua vidole. Safari hii niliachia mimi, pumzi nilikuwa nayo.

Hakujua. Alikuwa akikanyaga na kusema nami kana kwamba niko mgongoni pake. "Baba, usiachie!"

"Siachii!" nikamjibu, niko hatua kumi nyuma yake, bado nakimbia, machozi yananitoka na kicheko juu.

Jumapili nilipomwambia Mzee Athmani alisema, "Alhamdulillahi," akafuta jicho, na tukatembea kama kawaida. Alikwisha kurudi kwao Mombasa, na nasikia huko nako hakai kitako. Wakesho sasa anasomea uuguzi kama mama yake, na ndiye anayenipima sukari. Hunitazama kwa jicho kali nikikaribia kibanda.

Basi shika haya, mwanangu, wewe mwenye watoto wadogo na mshahara usiotosha. Usilie kwamba afya inauzwa ukumbini mwa vioo, ilhali miguu umepewa bure na kungoja umejaaliwa kwa wingi. Chakula cha kweli usikiogope. Ogopa kile unachokipitisha mdomoni huku ukisema si chakula: chai ya dirishani, tonge la mtoto, soda ya kuondoa uchovu. Kihesabu hata kikikuaibisha. Ukianguka, mpelekee kikombe chako mtu asiyekudharau, kisha uendelee kutembea. Wala usipungue kwa ajili ya macho ya watu, kwa maana macho ya watu hayashibi. Pungua kwa ajili ya anayeifuta baiskeli vumbi akikungoja, kwani yeye anakua na hawezi kukungoja milele.

Mungu akubariki, abariki na sufuria lako dogo. Akupe pumzi ya kukimbia nyuma ya wanao, na siku mkono wako utakapoachia, uachie kwa sababu wao wameweza, si kwa sababu wewe umeshindwa.