Juzuu la Tano la Desmond

Winifred Thackray aliwapikia watoto wa shule hapa mjini Otley, Uingereza, mpaka akastaafu, na sijawahi kumwona akiogopa kitu: si wakaguzi wa jiko, si marehemu mumewe. Kilichokuja kumtetemesha ni kitabu.

Aliletewa na jirani yetu Desmond, fundi saa mstaafu aliyefiwa na mkewe, Enid. Kilikuwa cha kwanza kati ya majuzuu saba, hadithi ya majoka na wafalme iliyosomwa huku vizazi na vizazi, kinene kama tofali, na ramani mwanzoni. Winifred aliipenda ile ramani. Chai ikiiva, alifuata mito yake kwa kidole. Kisha akikumbuka majuzuu saba na umri wake, anakifunga kitabu.

"Nitafia kwenye la tatu," aliniambia, "halafu nisijue nani kakalia kiti cha enzi. Kufa na kiu hiyo? Sitaki!"

Sasa huku kwetu, mtu akikuuliza kama umependa kitu chake, jibu ni moja tu. Desmond aliuliza juu ya ukuta wa bustani, "Vipi, kinanoga?" na Winifred akajibu, "Kizuri mno!" Kesho yake akaletewa la pili. Nalo akalisifia, likaja la tatu. Alipopewa la nne, alikuwa ameanza kutokea mlango wa nyuma.

Nilimcheka hadi mbavu zikauma. "Si umwambie ukweli?"

"Nimwambie nini? Tangu Enid afariki, huyu mtu hana mazungumzo mengine. Akijua namdanganya, hatagonga tena mlango huu. Na mimi nimeshazoea kugongewa."

Jumapili Desmond akaja na la tano. Nilikuwepo, biskuti mdomoni. Safari hii hakulitoa, alilikumbatia kifuani.

"Winnie, kabla sijakupa. Yule mzee wa mnarani alipokufa kwenye la nne, ulilia?"

Winifred akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia biskuti.

"Desmond, sijasoma hata ukurasa. Ramani tu."

Niliona aibu kwa niaba yake. Lakini Desmond akaanza kucheka, akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Afadhali, Winnie! Afadhali!"

"Afadhali nini, we mzee?"

"Enid ndiye aliyekuwa akinisomea, kwa sauti. Tuliishia katikati ya hili hapa. Peke yangu siwezi. Nikasema nikungoje unifikie, tuendelee pamoja. Sasa wewe unakuja mbio! Kila ukisema umemaliza moja, moyo unanipasuka. Nataka kuujua mwisho, Winnie, na sitaki mwisho huo ufike; ndiyo hadithi ya mwisho niliyoanza na Enid."

Winifred akavaa miwani, akachukua lile la kwanza.

"Kaa vizuri. Nasoma polepole, na nikichoka nasinzia."

"Sinzia tu."

Akausoma ukurasa wa kwanza kwa sauti ileile ya kuwapanga watoto foleni ya chakula. Alipofika chini akalowesha kidole ili aufunue.

"Rudia," Desmond akasema.

Akarudia.