Hita Kwenye Njia ya Modogashe

Hadi leo sijapata mtu wa kunieleza gari la Kaskazini Mashariki lina haja gani na hita, kile kifaa cha kupasha joto ndani ya gari. La mume wangu lilikuwa nayo, na ndiyo iliyotukwamisha mimi na mama mkwe wangu, saa saba mchana, tulipokuwa tumeiacha Habaswein nyuma na Modogashe bado iko mbali.

Tulikuwa tumekaa nyumba moja Tarbaj kwa miaka mitatu. Mimi ni mzaliwa wa Malindi. Nilipelekwa Tarbaj kufundisha, nikaolewa hukohuko, na mume wangu alipopata kazi ya udereva Uarabuni aliniachia gari lake kuukuu na mama yake. Mama hakuwa mkatili, hata siku moja. Ila alijua nimetoka shule saa ngapi, nimesimama na nani dukani, simu yangu imeita mara ngapi. Nikigusia habari ya kuhamia Garissa, aliniambia kwa upole tu, "Bwana yako akirudi akukute wapi?" Mazungumzo yakaishia hapo.

Mwaka jana macho yake yakaingia ukungu. Daktari wa Wajir akasema ni mtoto wa jicho, apelekwe Garissa akafanyiwe upasuaji. Siku hizohizo nikapata barua ya uhamisho, shule ya Garissa mjini. Sikumwambia mtu. Alfajiri ya safari, yeye akiwa bado kwenye msala, nilipakia vitu vyangu nyuma ya kiti na kuvifunika kwa shuka.

Kwanza nilisikia harufu ya mpira ulioungua. Halafu mvuke mweupe ukapanda juu ya boneti na mshale wa joto ukalala kwenye nyekundu. Nikasimamisha gari, nikazima injini.

"Kuna nini?" akauliza.

"Gari limechemka, Hooyo." Ndivyo nilivyomwita, mama, kwa lugha yao.

Mlango wa upande wake ulikuwa haufunguki kwa ndani. Nikazunguka nikamfungulia ateremke, lakini mwanga ulimchoma macho na upepo ulileta mchanga. "Funga," akasema. Nikamfungia. Akabaki humo ndani, ametulia, amejifunika shungi usoni, na mimi nikabaki nje nikingoja injini ipoe. Hapakuwa na mti wa kutupa kivuli. Hakuna gari lililopita.

Injini ilipopoa nilifungua boneti. Mipira miwili ya kupitisha maji ilitoka kwenye injini ikaenda kwenye ukuta wa chuma ambao nyuma yake ndiko iliko hita. Mmoja ulikuwa umepasuka, ufa wa urefu wa kidole. Nikapanda juu ya paa la gari kutafuta mtandao, nikampigia fundi wa Garissa aliyelijua gari lile.

"Mwalimu, hiyo hita unatumia?"

"Tangu niolewe sijaiwasha."

"Basi usitafute mpira mpya. Ule umepasuka, toa, tupa. Ule mzuri toa kwa ukuta, zungusha, rudisha kwa injini mahali ile mbaya ilikuwa inaingia. Maji itazunguka kwa injini, hita itakaa bure. Lakini usiukunje, maji itakwama. Na maji uko nayo?"

Mtandao ukakatika kabla sijajibu.

Tulikuwa na jerikeni moja, lita kama tano, ya kunywa. Mama alikuwa amesikia kila neno. Nilipoteremka nilimkuta amegeuka kitini, anapapasa nyuma akiitafuta. Vidole vyake vilipita chini ya shuka. Viligusa birika langu, vikagusa sufuria, moja, mbili, halafu vikatulia juu ya godoro lililokunjwa.

"Gabar," aliniita, yaani msichana. "Tunaenda wiki mbili. Godoro ya nini?"

Nilikuwa nimesimama dirishani na bisibisi mkononi. Sikuwa na pa kwenda.

"Nimehamishwa, Hooyo. Nitafundisha Garissa."

"Barua ilikuja lini?"

"Mwezi uliopita."

"Na mimi nikishatibiwa, nani ananirudisha?"

Nilikuwa nimepanga kumtafutia kiti kwenye basi, na mama mwingine wa kumshika mkono. Kichwani mwangu mpango huo ulionekana mzuri kwa wiki nzima. Nikarudi kwenye injini.

Klipi zilikuwa na kutu. Parafujo ya moja ilikwisha kulika, ikabidi niizungushe kwa plaisi, ikateleza mara mbili na kunichuna ngozi ya vidole. Mpira uliopasuka niliuchana kwa kisu nikautoa. Ule mzima sikuthubutu kuukata. Niliupinda huku na huku, polepole, mpaka ukaachia ukuta. Nililia wakati huo. Jasho lilikuwa jingi, hata Mama angeona asingejua. Kisha nikauzungusha mpira kwa duara pana, nikauvalisha kwenye bomba la pili la injini, nikakaza klipi mpaka mkono ukaniuma.

Nikarudi dirishani. "Hooyo, nahitaji maji yote."

Alikuwa ameipakata jerikeni. "Yote?"

"Nikitia nusu, litachemka tena mbele."

Akamimina kikombe kimoja, akanywa nusu, akanyoosha mkono wenye kikombe nje ya dirisha. "Kunywa. Ukianguka hapa, mimi sioni barabara." Ndipo akanipa jerikeni.

Rejeta ililamba maji yote. Nikawasha. Mpira ulijaa, ukakakamaa, tone moja likatoka kwenye klipi, nikaikaza, likakoma. Tukaenda mwendo wa pole, macho yangu kwenye mshale, mpaka Modogashe kwa jamaa zake. Kesho yake tukaingia Garissa.

Upasuaji ulikwenda vizuri, alhamdulillahi. Lakini daktari akakataza safari na vumbi kwa wiki sita, na dawa ya matone ilitakiwa mara nne kwa siku. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja tu. Mama akalala kitandani, mimi chini. Akajua tena nimetoka shule saa ngapi. Yeye naye alikuwa na hofu na tuktuk, hakuvuka lango la ploti ile ya vyumba vya kupanga hata mara moja; alikaa mlangoni tangu asubuhi, akisikiliza watu asiowajua, akiniuliza kama Tarbaj mvua imenyesha.

Wiki ya saba mpwa wake alikuja na lori la mbuzi kumrudisha Tarbaj. Mama akafunga vitu vyake kwenye leso moja. Pale mlangoni alinishika kidevu, akanitazama sana kwa macho yake mapya.

"Umekonda," akasema.

Akapanda lori. Nikaosha vyombo, nikafagia, nikatandika kitanda ambacho sasa kilikuwa changu. Halafu nikaketi ukingoni mwake. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, na sikujua niende wapi.