Kulibeba Neno si Kulishika

Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi, mwanangu, nilipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa mjini Kismayu. Nilikuwa nikitembea uani kwetu huku na huko, nikikariri Maandiko kwa sauti ya kufika mtaa wa pili. Kesho yake ilikuwa zamu yangu ya kusimama mbele ya waumini niyaseme kwa ghibu, bila kutazama kitabu. Nilikuwa nimehifadhi mafungu sitini. Na nilihakikisha kila mtu anaijua idadi hiyo, hata wale ambao haikuwahusu.

Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo bandarini. Alitoka kwetu Mto Tana kutafuta riziki, nasi tukamfuata. Wakristo tulikuwa wachache mno, familia sita hivi, na Jumapili tulikutana sebuleni kwa Mzee Yona, ambaye alikuwa seremala na ndiye aliyetuongoza. Majirani zetu wote walikuwa Waislamu, watu wa bahari na biashara, na tuliishi nao vizuri, kwa kupelekeana sahani zilizofunikwa.

Ng'ambo ya ukuta wetu alikaa Bi Amina, Mbajuni mzaliwa wa kisiwa cha Chula. Alikuwa akiwafundisha watoto wa mtaa Kurani barazani kwake. Aliishi na mjukuu wake, Mwanaesha, rika langu na rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Lakini Jumamosi hiyo ninayokusimulia, mimi na Mwanaesha tulikuwa na miezi mitatu hatujasemezana.

Ngoja nikueleze kisa chenyewe, na usicheke mapema.

Palikuwa na harusi mtaani, na Mwanaesha alipewa kazi ya kupika mikate ya kumimina. Mimi nikatumwa dukani kuleta hamira. Nilitoka mapema, lakini njiani nikakutana na wasichana wenzangu, tukasimama kuzungumza. Unajua mazungumzo ya wasichana. Ukianza ni adhuhuri, ukigutuka ni alasiri. Hamira ilifika wageni wakiwa karibu kuingia. Unga haukupata muda wa kuumuka, na mikate ikatoka myembamba, migumu, imejikunja pembeni.

Sasa nikaona akina mama wanaitazama ile mikate, wanamtazama Mwanaesha, na nikaogopa kwamba baada ya hapo watanitazama mimi. Kwa hiyo nikawahi. Nikainua mkate mmoja juu, nikasema, "Huu tumpelekee nahodha, nasikia nanga yake imepotea."

Ukumbi mzima ulicheka. Na mimi nilicheka kuwashinda wote. Kufika Ijumaa mtaa mzima ulikuwa ukimwita Mwanaesha "Mwana Nanga", mpaka muuza mboga. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na kweli dole hupona. Mwanaesha alikuwa ameposwa na kijana wa Chula, na jina lile likavuka maji likamfika mama wa kijana, ambaye alikuwa mwanamke wa kujivunia jiko lake. Posa ikaanza kusuasua. Nami nilipoambiwa kwamba rafiki yangu analia, nilijibu kuwa ulikuwa utani tu, na asiyeweza utani asiende harusini.

Basi, nirudi uani. Nilikuwa nimefika kwenye lile fungu linalomwambia mtu kwamba akipeleka sadaka yake madhabahuni, kisha akakumbuka kuwa nduguye ana neno juu yake, aiache sadaka palepale, aende kwanza wakapatane. Nilipenda jinsi lilivyonitoka mdomoni. Nilikuwa na pozi langu maalumu pale kwenye kuiacha sadaka.

Nikasikia Bi Amina ananiita. "Salome, hebu njoo, mwanangu."

Nikazunguka mpaka barazani kwake, nikamwamkia, "Shikamoo, Bi Amina." Watoto walikuwa wamekwenda mapumziko, na mbao zao za kuandikia zimeegemezwa ukutani.

"Marahaba. Hayo maneno ya asubuhi," akasema, "ya mchu na sadaka yake. Nayasikia wiki ya tatu hii, hata mimi sasa nimeyahifadhi. Maana yake ni nini?"

Wabajuni husema mchu pale wengine tunaposema mtu, na Bi Amina hakuwa mwanamke wa kubadili lugha yake kwa ajili ya yeyote. Nilifurahi kuulizwa. Nikamweleza kwa kirefu, kwamba Mungu hapokei kile mkono wa kulia unachompa ikiwa mkono wa kushoto umemsukuma mwenzako. Nilieleza vizuri, mwanangu. Ningekuwa mwalimu ningejipa alama zote.

"Ni maneno mazuri," akasema. "Na wewe, hakuna mchu mwenye neno juu yako?"

"Hakuna, Bi Amina."

Akachukua kitambaa chenye maji akaanza kufuta mbao za watoto, moja baada ya nyingine. Kisha akasema taratibu, "Mwanaesha yumo ndani. Kila asubuhi akisikia sauti yako huniuliza, 'Bibi, hivi Salome hujisikia?' Nami sijapata jibu la kumpa."

Nikajitia kuzipanga zile mbao ukutani.

"Watoto wangu hapa," akaendelea, "mtoto akija akaniambia amehifadhi, namuuliza kama amefahamu. Akisema bado, namwambia basi hujahifadhi, umebeba tu. Wamwona punda wa muuza maji? Kutwa nzima ana mapipa mgongoni, naye kiu yamuua. Mimi si wa dini yako, wala sikufundishi kitabu chako. Lakini kubeba na kunywa naijua tofauti yake."

Unadhani nilishukuru? Niliondoka nimevimba. Nikajiambia, yeye anajua nini kuhusu Maandiko yetu? Siku hiyo nilikariri kwa sauti ya juu zaidi, kusudi.

Jumapili nikavaa gauni langu la kitambaa cha maua, mama akaketi mstari wa mbele, na nikasimama. Mafungu ya kwanza yalitoka kama maji ya mfereji. Nilikuwa nikimwona Mzee Yona akitikisa kichwa kwa furaha. Halafu nikafika pale kwenye sadaka. Nikalisema lote mpaka mwisho, nikanyamaza. Watu wakadhani nimesahau. Mama akanisaidia kwa midomo, akinitajia fungu linalofuata. Kumbe sikuwa nimesahau, nilikuwa nimekumbuka. Kwa mara ya kwanza niliyasikia yale maneno kama mtu mwingine anayeniambia mimi, Salome, tena kwa jina.

Nikasema, "Naomba radhi. Sijamaliza. Kuna mahali inanipasa kwenda kwanza." Nikatoka mlangoni, nyuma yangu nikisikia mama akiuliza, "Anakwenda wapi na viatu vyangu?"

Nilipofika kwa Bi Amina, jirani akaniambia wamekwenda ufukweni. Mwanaesha alikuwa anapelekwa Chula na mjomba wake na shangazi, kwenda kuzungumza na upande wa mchumba, kujua kama posa ingalipo au la. Nilikimbia. Viatu vya mama vilikuwa vikubwa, nikavivua nikavishika mkononi. Nilikuta boti ya mashine inapakia, Mwanaesha amekwisha kuingia majini mpaka magotini, na Bi Amina amesimama mchangani kuwaaga.

Nikaingia maji na gauni langu la maua. "Mwanaesha, nimekuja kuomba msamaha."

Aligeuka. "Jina ulinipa mbele ya wachu," akasema. "Msamaha waniletea pembeni?"

Mwanangu, swali hilo halikuwa na mlango wa nyuma. Nikamtazama Bi Amina, nikidhani ataniokoa. Akasema tu, "Nenda nao Chula. Mamako nitamwambia mimi." Na akanyoosha mkono apokee vile viatu.

Basi nikapanda. Mimi ni mtoto wa mto, na mto hauna mawimbi. Bahari ile ilinifanya nitoe kila nilichokula tangu Ijumaa. Shangazi wa Mwanaesha alinishika kichwa safari nzima, akicheka kwa siri, na kabla hatujafika hata Mwanaesha aliniletea ndimu ninuse. Ndimu ile niliielewa.

Mama mkwe aliitwa Bi Zena. Alitupokea uani kwake, amekaa na wanawake wenzake kama kumi. Shangazi akanitambulisha, na Bi Zena akasema, "Kumbe ndiwe ulimi wenyewe."

Nikasema ndiyo. Nikasimama mbele yao nikiwa na chumvi mpaka kwenye nyusi, nikaeleza kila kitu. Kwamba hamira niliichelewesha mimi. Kwamba Mwanaesha alisimama jikoni akinisubiri, na aliponiona hakunisema kwa mtu. Kwamba nilimcheka ili nisichekwe mimi. Hata Mwanaesha mwenyewe aliniangalia, maana sehemu hiyo ya mwisho hakuwa akiijua. Safari hii sikuwa na pozi lolote.

Kisha Bi Zena akauliza, "Nawe umetoka Kismayu kwa ajili ya hili tu?"

"Nilikuwa kanisani," nikasema. "Nilikuwa nasema maneno ya Mungu, nikaona siwezi kuyamaliza."

Yule mama akatikisa kichwa. "Basi nanga ni wewe, si huyu," akasema, na wanawake wote wakaangua kicheko, Mwanaesha akiwa wa kwanza. Alicheka mpaka akakaa chini. Siku ya pili yake alipika mikate ya kumimina kwa hamira ya Bi Zena, laini kama pamba, na nikalazimishwa kula vipande vitano mbele ya mashahidi. Posa haikuvunjika. Walioana, wakazaa watoto sita.

Niliporudi Jumanne mama alikuwa na maneno mengi, baba akawa na machache, na yote nilistahili. Mzee Yona alikuja nyumbani jioni. Nilimwomba radhi kwa kuharibu ibada, akaniambia, "Hukuiharibu, binti. Wengine tumelisoma fungu hilo miaka thelathini na hatujawahi kutoka mlangoni." Nilisikia kuwa wiki hiyo hiyo yeye naye alikwenda kumtembelea ndugu yake ambaye hawakuwa wakiamkiana.

Halafu vita vikaja, na Kismayu yetu ikatawanyika kama shanga zilizokatika uzi. Tulitoka na nguo za mwilini. Kitabu changu chenye mistari niliyoichora kwa kalamu nyekundu kilibaki mezani, na sijui kiliishia wapi. Huko kambini Kenya, katika ile hali ya kupanga foleni na kungoja, nilijaribu kuyakumbuka mafungu yangu sitini. Yalikuwa yamekwenda. Nilishika moja, likaponyoka. Nikashika jingine, likabaki nusu. Lakini lile la sadaka lilikuwepo, zima. Na la kumpa mwenye kiu maji lilikuwepo, kwa sababu niliwahi kulitenda. Na la kutohangaikia kesho nililijifunza pale pale kambini, kwa shida, na mpaka leo halijanitoka. Mwanaesha sasa yuko Ulaya na wajukuu zake. Hunipigia simu kila Ijumaa baada ya sala, na mimi humpigia kila Jumapili baada ya ibada, na hatujawahi kukosa la kucheka.

Nakuambia haya, mwanangu, kwa sababu nimesikia utasimama kanisani mwezi ujao, na nimekuona ukizunguka na simu yako masikioni ukihifadhi. Vizuri. Hifadhi. Sijasema usihifadhi, chungu kitupu hakiivishi kitu. Lakini usiwe na haraka ya kufika sitini. Chukua moja ukae nalo kama unavyokaa na mgeni: muulize ametoka wapi, amekuja kwa nani, anataka nini nyumbani kwako. Usipoelewa, uliza, kwani kuuliza si ujinga. Muulize mchungaji, muulize mama yako, na akija kukuuliza mtu wa nje maana yake ni nini, usimdharau. Huenda Mungu amemtuma akusikilizishe sauti yako mwenyewe. Na ukishaelewa, litende siku hiyo hiyo likiwa bado la moto, hata kama ni kwa mtu mmoja tu, hata kama litakutia aibu. Papo kwa papo, kamba hukata jiwe. Neno ulilolitenda hata wezi hawaliibi, hata vita havilichomi. Na kama kuna mtu asiyekuamkia sasa hivi, na unamjua, maana sote huwa tunamjua, anza na huyo kabla ya kufungua ukurasa mwingine.

Mungu akupe masikio ya kujisikia unaposoma, na miguu myepesi ya kutoka mlangoni inapobidi. Akupe jirani atakayekuambia ukweli bila kukuvunja. Neno lake likae ndani yako mahali pasipofikiwa na mkono wa mtu, nalo likulishe ujanani, na uzeeni likuchekeshe kama linavyonichekesha mimi. Amina.