Binti Yangu Aliniandikia, Ofisi Ikamjibu "Ombi Lako Limefungwa"

Wanangu wa ukurasa huu, hamjambo. Admin, jina langu tafadhali usilitoe. Nina miaka sitini na nane, nimefiwa na mke, ni mwalimu mstaafu na naishi Moshono. Bado nafanya kazi: nasimamia malalamiko ya wateja katika shamba moja la mboga huko Usa River.

Niwaeleze kwanza kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa kosa langu. Mteja akituandikia barua pepe, mfumo wetu unaipa namba. Hiyo tunaiita tiketi. Aliye zamu anaishughulikia, kisha anaifunga. Wateja wengi walikuwa wakiniandikia mimi moja kwa moja, kwa hiyo mwaka huu niliomba anwani yangu ya kazini iunganishwe na mfumo, barua ziende kwa aliye zamu. Kijana wa kompyuta akaniuliza, "Mzee, tuchuje? Ziingie za wateja tu?" Nikamjibu, "Ingiza zote, isipotee hata moja." Nilijiona makini.

Nina binti mmoja. Miaka sita iliyopita aliacha chuo akaolewa Olmotonyi na kijana nisiyemtaka. Nilimwambia asinipigie simu tena. Hakupiga.

Wiki iliyopita nilikuwa napitia tiketi ambazo wateja wametupa nyota moja, nione tumekosea wapi. Nikakuta jina la mwanangu.

"Shikamoo baba. Ulisema nisikupigie simu, ndiyo maana naandika. Nimejifungua mtoto wa pili, wa kiume kama wa kwanza. Naomba ruhusa nimpe jina lako."

Kwetu Uchagani mtoto wa kiume wa pili hupewa jina la babu mzaa mama. Hakulazimika kuniomba. Aliomba kwa sababu alitaka tupatane.

Mfumo ulimjibu papo hapo, kwa jina langu: "Ombi lako limepokelewa, tutalishughulikia." Siku ya tatu ukamwandikia tena: "Ombi lako limefungwa. Umeridhika na huduma yetu?" Akabonyeza nyota moja, akaandika, "Asante baba, nimeelewa."

Nilimuuliza dada aliyekuwa zamu. "Ah, ile? Niliifunga, mzee. Nilidhani mtu kakosea anwani, hakuna oda wala nini." Simlaumu.

Mfumo tumeurekebisha. Sasa barua zinazotumwa kwenye anwani ya malalamiko pekee ndizo zinageuka tiketi. Zinazokuja kwa jina langu zinabaki kwangu, na hazijibiwi na mashine. Wenye kazi kama yangu, fanyeni hivyo leo. Ni dakika kumi tu. Dakika kumi, wanangu!

Nikampigia binti yangu simu. Akapokea mume wake. "Shikamoo mzee. Amesema... uchukue namba, usubiri." Akaongeza haraka, "Si mimi, mzee. Nimetumwa." Nyuma yake nilisikia kichanga kinalia, nikashindwa hata kumuuliza kijana wa watu habari zake, wala kumweleza kwamba barua ile sikuifunga mimi. Kabla ya kukata akaninong'oneza kwamba ubatizo ni Jumapili hii, kwa jina lingine.

Nikienda bila kualikwa, ataona nimefuata jina. Nisipoenda, ataamini maisha yake yote kwamba barua ile niliifunga mimi. Jina silitaki tena, namtaka mtoto wangu. Nishaurini, wanangu: Jumapili niende kanisani, au nikae nyumbani nisubiri aniite?