Damasi, Mlinzi wa Reli ya Bonga

Babati haijawahi kuwa na reli, lakini ilikuwa na mlinzi wa reli. Aliitwa Damasi Tarmo, mkulima wa Bonga aliyeteremka kutoka milima ya Mbulu akiwa kijana, na mimi nilikuwa jirani yake ng'ambo ya korongo. Nasema hivi mapema kwa sababu watu wa mjini siku hizi wakisikia habari za reli yetu wanacheka na kudhani natunga. Situngi. Mahindi yangu nayo yaliingia humo.

Ilikuwa ile miaka ya themanini ambayo sabuni ilipatikana kwa kujuana, na sukari kwa kupanga foleni toka alfajiri, halafu ukifika mbele unaambiwa imekwisha. Mvua zikianza, lori la kutoka Arusha lilinasa matopeni, na Shomari mwenye duka alikaa barazani, mlango wazi, rafu tupu, akiuza viberiti na maongezi. Kwa hiyo walipokuja wapimaji na gari lao, wakasema reli inafikiriwa kupita Babati, hatukuuliza inafikiriwa na nani. Tulipiga makofi. Mtu asiye na sabuni hana maswali mengi.

Wapimaji walipigilia vigingi vya mbao vyenye rangi nyekundu kichwani, safu mbili, kutoka upande wa Singe hadi kwenye mashamba ya Bonga, kisha wakaondoka na hawakurudi tena. Walichotuachia ni vigingi na Kamati ya Maandalizi ya Reli, iliyoundwa wiki ileile chini ya mwenyekiti wake, Ndugu Eustace, mtu mwenye sauti nzuri ya mikutanoni na suruali isiyopauka hata katika miaka ile.

Kamati ilitangaza mambo mawili. Kwanza, kila kaya itatoa debe moja la mahindi kila mavuno, ndio mchango wa reli, na yatawekwa kwenye ghala la kamati ili ujenzi ukianza vibarua wapate kula. Pili, ardhi iliyo kati ya safu mbili za vigingi sasa ni ya reli. Hailimwi, hailishwi mifugo, haipandwi hata mchicha.

Ardhi hiyo ilipita katikati ya shamba la Damasi. Ingepita kwenye mawe tusingesema, lakini ilipita bondeni, kwenye udongo mweusi ambao ukidondosha punje kwa bahati mbaya inaota. Damasi alibakiwa na kipande cha mwinuko huku na kipande cha changarawe kule. Alikwenda kwa Eustace kulalamika. Eustace alimsikiliza vizuri sana, akamwita mzalendo, kisha akampa kazi: awe mlinzi wa vigingi, na malipo yake ni kusamehewa lile debe.

"Ukilinda vizuri, Mzee Damasi, serikali ikija itakuona," alimwambia. "Hapo utaomba shamba lako au fidia, na mimi mwenyewe nitakuunga mkono. Lakini kigingi kikipotea, utajibu wewe."

Damasi alirudi nyumbani ameridhika, na ndipo nilipoanza kumwonea huruma.

Vigingi vilianza kupotea mwaka huohuo. Vingine vililiwa na mchwa, vingine viliishia mafigani. Sitamtaja mtu, kuni zilikuwa za shida na mbao ya serikali inawaka sawa na nyingine. Damasi alipoona pengo la kwanza hakulala vizuri. Kulipokucha alifanya kile ambacho mtu yeyote wa kwao angefanya akiona mpaka unapotea: alikata fimbo ya mti wa manyara akaichomeka palepale.

Kwetu mpaka huwekwa kwa manyara. Ukikata tawi lake na kulichomeka ardhini, hata kiangazi, linashika. Ng'ombe hali, mchwa hataki, na ule utomvu wake mweupe ukikuingia jichoni utalia kama mtoto. Zaidi ya hapo, manyara ikishasimama mpakani, hakuna anayeing'oa. Watu wa Damasi wanaweza kugombania ng'ombe, mahari, hata benchi la kanisani, wakapatana. Lakini aliyeng'oa mpaka hata moto wa kuwashia jiko hapewi na jirani. Damasi alilelewa hivyo, na ilikuwa imemwingia kwenye mifupa.

Alichomeka fimbo kila palipopotea kigingi. Kisha, kwa kuwa fimbo mojamoja mbuzi huziangusha, akajaza nafasi zilizo katikati. Mkewe Xaveria alimsaidia kukata na kubeba. Siku moja utomvu ulimwingia jichoni, akashinda ndani na kitambaa kibichi usoni. Alipotoka alimwambia mumewe:

"Baba Hilaria, unalizungushia ukuta shamba letu ili sisi wenyewe tusiingie."

"Serikali ikija itaona," Damasi alijibu.

"Itaona nini?"

"Itaona kwamba mimi ni mtu wa kuaminika."

Xaveria alimtazama kwa lile jicho moja zima, akaenda kuinjika ugali.

Mavuno yalikuja na kupita. Manyara zilistawi zikampita mtu urefu, safu mbili za kijani zilizonyooka, na katikati nyasi ndefu za bure kwenye udongo bora kuliko wote Bonga. Kama si kukosa vyuma na treni, ingekuwa reli kamili. Ghala la kamati nalo lilikuwa na tabia yake: lilitiwa mahindi kila mavuno na halikuwahi kujaa. Shomari aliuliza mkutanoni yanakwenda wapi, akajibiwa kwamba anarudisha nyuma maendeleo. Alirudi barazani kwake kuuza viberiti.

Halafu, ajabu, serikali ikaja kweli.

Ilikuja kwa sura ya mwanamama mmoja, Bi Tunu, mkaguzi wa miradi, mwenye miwani na viatu vilivyokuwa tayari kwa matope. Nchi ilikuwa imekaukiwa fedha, na wakubwa walitaka kujua michango yote inayotozwa kwa jina la reli na barabara inafanya kazi gani. Habari zake zilimtangulia. Huko alikopita, asipoona mradi, mchango ulifutwa hapohapo, ardhi ikarudishwa kwa wenyewe, na mwenyekiti akaondoka naye kwenye gari. Alikuwa mtu safi. Nalisema hili kwa uchungu, maana angekuwa mla rushwa yangekwisha kwa namna nyingine.

Bonga tulifurahi. Hata kipofu angeona kwamba reli haipo! Damasi alifurahi kuliko sote, kwa sababu mvua zilikuwa karibu na mwaka uliotangulia yeye na Xaveria walimaliza akiba kabla mahindi mapya hayajakomaa, wakala maboga mpaka wakayachukia. Wasipolipata bonde safari hii, njaa ilikuwa yao. Xaveria alimfundisha la kusema, akamrudisha kila alipokosea kama mwalimu wa katekisimu: "Ndugu Mkaguzi, reli haikuja. Naomba shamba langu." Basi. Hata mtoto angelisema.

Siku ya ukaguzi tulikusanyika kwenye shamba la Damasi, maana hapo ndipo manyara zilipopendeza zaidi. Eustace alikuwa amenyamaza tangu asubuhi, jambo ambalo hatukulizoea. Jasho lilimtoka na jua halijawa kali. Bi Tunu alitazama safu ya kushoto, akatazama ya kulia, akaingia katikati, akatembea mbali kidogo na kurudi.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "wananchi wametoa mahindi kwa ajili ya vibarua wa reli. Nimeona ghala, ndani mna panya. Mahindi yako wapi?"

Macho ya Eustace yakaenda kwenye manyara, na nikaona sauti ya mikutanoni ikimrudia taratibu.

"Mahindi, Ndugu Mkaguzi, ndiyo haya," alisema, akinyoosha mkono. "Tumeyageuza kuwa kazi. Mipaka ya reli yote, kutoka Singe hadi hapa. Vibarua walichomeka, wakapalilia, wakalinda. Vibarua wanakula."

Watu waliguna. Bi Tunu alishika tawi, akalichunguza, akafuta vidole.

"Nimezunguka wilaya nyingi," alisema polepole. "Kote nimekuta vigingi vimeng'olewa na watu wamelima mpaka juu ya njia ya reli. Hapa ndipo mahali pa kwanza nimekuta mpaka unaosimama. Nani msimamizi?"

Damasi alisukumwa mbele. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Shikamoo, baba," Bi Tunu alimwamkia, akampa mkono kwa adabu, kwa mikono yote miwili.

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, kama kila kijiji kingekuwa na mtu kama wewe, nchi hii isingefika hapa ilipo. Nasema kweli. Nitaliandika jina lako."

Jamani, mtu asiyewahi kusifiwa ni mtu wa hatari. Damasi alikuwa amelima miaka yote, ameoa, amezika wazazi, amelipa kodi, na hakuna aliyewahi kumwambia neno kama hilo mbele ya watu. Nilimwona akinyooka mgongo. Xaveria, aliyesimama na wanawake, alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua.

"Sasa niambie," Bi Tunu aliendelea, amefungua kalamu, "hao vibarua waliofanya kazi hii yote, walikuwa wangapi?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Angesema ni yeye na mkewe, Eustace angepanda lile gari, mchango ungekufa, na bonde lingerudi kabla ya mvua. Eustace alitazama viatu vyake. Damasi alimtazama mwenyekiti, akamtazama yule mama aliyekuwa anamngoja, kalamu mkononi, na nadhani aliona vibaya kuiharibu sifa aliyokwisha kumpa.

"Walikuwa wa kutosha," alisema.

Bi Tunu aliandika. "Una lolote la kuiomba serikali, baba?"

"Hapana, mwanangu. Nashukuru."

Niliwafuata nyuma hadi nyumbani kwao, nakiri kwa sababu ya umbeya tu. Xaveria hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda, akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja vizuri magotini.

"Walikuwa wa kutosha," alisema. "Na walishiba, Baba Hilaria? Niambie. Hao vibarua wako walipokuwa wanachomeka fimbo, walikula nini?"

Damasi alivua koti la kanisani, akalitundika.

Matokeo ya ukaguzi yalisomwa mkutanoni na Eustace mwenyewe, kwa sauti iliyopona kabisa. Kamati yetu ilipongezwa kwa matumizi mazuri ya michango. Mchango uendelee. Ardhi kati ya safu mbili itambuliwe rasmi kuwa hifadhi ya reli, asiikanyage mtu. Na kwa kuwa mipaka sasa imeshika mizizi na inajilinda yenyewe, nafasi ya mlinzi haihitajiki tena na imefutwa ili kupunguza gharama. Tulipiga makofi, wengine kwa mazoea.

Mvua ziliponyesha, Damasi alikwenda kwa mdogo wake Wolfgang, kijiji cha Sigino, kuomba mahali pa kulima. Alipewa kipande mteremkoni, chenye mawe mengi kuliko udongo. Xaveria alimwambia mara moja tu kwamba panga lipo na manyara ni laini. Damasi alichukua panga, akaenda hadi ukingoni mwa bonde. Nilikuwa napalilia upande wangu, nikamwona. Alisimama pale mpaka nikamaliza matuta yangu, kisha akarudi na panga likiwa safi. Nilimkasirikia siku ile kuliko nilivyowahi kumkasirikia Eustace, na hasira hiyo haijaniisha vizuri mpaka leo.

Mavuno ya mteremkoni yalikuwa kidogo, kama tulivyotarajia. Siku ya mchango Damasi alikuja ghalani na debe lake kichwani, akapanga foleni nasi, mara yake ya kwanza. Ilipofika zamu yake, Eustace aliinama, akalishika debe kwa mikono miwili, akalitikisa vizuri mpaka punje zikajipanga na kushuka vidole viwili chini ya ukingo.

"Halijajaa, Mzee Damasi," alisema kwa upole. "Wewe ndiye unajua thamani ya reli hii kuliko sisi sote."

Damasi aliliacha debe pale mlangoni, akatembea hadi nyumbani kuchukua yaliyopungua, na aliyaleta kabla ghala halijafungwa.